Nataka kuacha benki nikauze achari, mama yangu analia

Shikamoo Mamkubwa,

Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto wawili. Nimefanya kazi benki miaka 11, yote makao makuu pale Posta, kitengo cha uendeshaji. Naandika haya saa sita usiku huku vidole vinaniwasha pilipili, kwa hiyo nikikosea herufi unisamehe.

Miaka mitatu iliyopita nilibeba chupa ya achari ya embe kazini, niile na wali wangu wa mchana. Wenzangu wakaonja. Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa na oda ya chupa 12, na wengine walikuwa wameshanilipa kwa simu bila hata kuniuliza bei. Sasa natengeneza achari ya embe, ya ndimu, na pilipili mbuzi ya kukaanga, chupa ya gramu 300 kwa sh. 5,000. Mwezi wa kawaida zinatoka chupa 260. Zaidi ya 200 zinaishia hapo hapo ofisini na kwenye matawi, maana kuna gari la kupeleka nyaraka na dereva wake ni mtu wangu. Zinazobaki wananunua majirani zangu Goba na kina mama wa kikoba.

Mauzo ni milioni 1 na laki 3 kwa mwezi. Mamkubwa, hiyo ndiyo hela ninayobaki nayo mkononi kwenye mshahara baada ya makato yote! Nikitoa embe, ndimu, pilipili, mafuta, viungo na chupa, kama laki 6, nabaki na laki 7. Na hapo natengeneza usiku tu, dada wa kazi ananisaidia kumenya na kuponda. Nikitengeneza mchana kutwa si itakuwa mara tatu?

Kilichonichosha hasa ni hiki. Mwezi wa pili kijana niliyempokea mwenyewe kazini, nikamfundisha mpaka namna ya kufungua mfumo, ametangazwa kuwa mkuu wa kitengo changu. Ananiita dada kwa heshima zote, na kila Ijumaa saa kumi na moja jioni ananiletea ripoti inayotakiwa Jumatatu asubuhi. Wiki iliyopita tukiwa kwenye kikao nilijisahau nikafikicha jicho kwa mkono ule ule ulioponda pilipili usiku. Machozi yalinitoka mbele ya watu 14. Akasimamisha kikao, akaniuliza taratibu kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Mume wangu anasema acha tu, tutakula tutakachopata. Yeye yuko kwenye mradi wa wafadhili, mkataba wake unaisha Juni. Tuna nyumba tuliyoijenga kwa mkopo wangu wa mfanyakazi, riba asilimia 9. Umebaki milioni 48, miaka 12. Nimeulizia chini kwa chini, nikiondoka riba inageuka kuwa ya mteja wa kawaida, asilimia 17. Nimefikiria nichukue michango yangu ya pensheni kule NSSF iwe mtaji, na kuna watu wananiambia habari za mkopo wa halmashauri wa kina mama.

Tatizo ni mama. Yuko Tanga, Ngamiani. Alitusomesha watoto wanne kwa mihogo ya kukaanga na achari hii hii, akiuza nje ya shule ya msingi. Nilipompigia kumwambia, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akalia. Akasema, "Nimekaa juani miaka 19 ili wewe usikae."

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Ina wiki mbili kwenye mkoba. Niipeleke?

Mwenye Achari, Goba

*

Marahaba mwanangu, na pole ya jicho.

Barua iache humo humo kwenye mkoba. Sijasema uichane.

Umeniandikia mengi kuhusu bosi wako na mama yako, lakini kuna sentensi umeipita mbio na mimi ndipo niliposimama. Chupa zaidi ya 200 kati ya 260 zinaishia ofisini. Unasema unataka kuacha ofisi ili ukae dukani. Mwanangu, duka lako ndiyo hiyo ofisi! Hulipi pango. Wateja wanaingia wenyewe kila asubuhi, wote wanapata hela siku moja, na anayekopa hawezi kukukimbia kwa sababu Jumatatu utamkuta kwenye lifti. Mzigo wa matawini unasafiri bure. Hakuna muuza achari Kariakoo nzima mwenye fremu ya namna hiyo. Siku utakayorudisha kitambulisho utakuwa umefunga duka, na utakuwa unafungua jingine ambalo hujawahi hata siku moja kuliendesha.

Nalisema hili kwa sababu lilinikuta. Mwaka 1999 niliacha ukatibu muhtasi kwenye shirika moja hapa mjini, nikaanzisha upishi wa semina. Sikuwa na wasiwasi, maana hafla za shirika lile nilikuwa nazipikia mwenyewe na kila mtu ananisifia pilau. Mwezi wa kwanza wakanipa kazi mbili, wa pili moja, wa tatu kimya. Wala haikuwa roho mbaya. Aliyekuwa akinikumbuka ni yule aliyekuwa akiniona koridoni. Mwezi wa nne nilikwenda kufuata cheki yangu, na mlinzi niliyekuwa nikimpitishia chai kila siku kwa miaka sita akanisogezea daftari la wageni. "Unakwenda kwa nani, mama?" Nikaandika jina, nikafika kwenye kisanduku cha "Anakotoka", nikakosa cha kuandika. Mwisho nikaandika Temeke.

Biashara ilisimama baadaye, nisikutishe. Ilichukua miaka miwili, na wateja walioisimamisha hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye lile jengo.

Sasa tushike kalamu. Hizo laki 7 siyo faida, ni hela ambayo bado hujaikata. Gesi je? Kukaanga pilipili na kuchemsha siki kwa chupa 260 si chini ya sh. 60,000 kwa mwezi. Lebo hukuitaja, tuiweke sh. 200 kila moja, hiyo ni 52,000. Halafu dada wa kazi. Binti huyo ameajiriwa kulea watoto na kufanya kazi za ndani, wewe unamkalisha kwenye kinu mpaka usiku. Hiyo ni kazi ya pili na ina ujira wake. Mpe walau 100,000. Umeshuka mpaka 488,000.

Endelea. Umeondoka ofisini, zile chupa 200 inabidi zikanunuliwe madukani. Mwenye duka hachukui kwa 5,000 auze 5,000. Atataka umpe kwa 3,800 hivi ili naye apate. Hapo umepoteza 240,000. Bodaboda wa kuzungusha mzigo, safari nane kwa mwezi za 6,000, ni 48,000, maana lile gari la nyaraka halipo tena. Umebaki na laki 2. Na hapo sijakulipa wewe.

Mkopo sasa. Milioni 48 kwa miaka 12, riba ya asilimia 9 inayopigwa kwenye salio, ni kama 546,000 kwa mwezi. Ikipanda kuwa asilimia 17 inakuwa kama 783,000. Kwa faida tuliyoipata hapo juu, laki 2 kwa chupa 260, yaani kama sh. 770 kila chupa, unatakiwa uuze chupa elfu moja kila mwezi, kama 40 kila siku ya kazi, ndipo ulipe mkopo, kabla hujanunua unga wala kulipa ada. Unaniuliza kama ukitengeneza mchana kutwa haitakuwa mara tatu. Kutengeneza itakuwa. Lakini wewe hujawahi kukwama kwenye kutengeneza.

Na huyo mumeo Mungu amzidishie, wapo wanaoambiwa maneno mengine. Ila mkataba wake unaisha Juni. Nyumba moja haiwezi kuwa na vipato viwili vya kubahatisha ndani ya mwaka mmoja na mkopo juu yake. Subirini muone mkataba wake unahuishwa au hauhuishwi. Hilo tu peke yake linatosha kuiweka barua kwenye mkoba mpaka katikati ya mwaka.

NSSF usiitie kwenye mtaji. Anayeacha kazi kwa hiari yake hana fao la kukosa ajira. Hilo ni la aliyeachishwa. Halafu hesabu miezi yako: miaka 11 ni miezi 132, na pensheni ya uzeeni inataka miezi 180. Umebakiza 48. Ukiondoka, jiandikishe uendelee kuchangia kwa hiari uimalizie. Kuiacha hewani baada ya kukatwa miaka yote hiyo ni kujidhulumu. Mkopo wa halmashauri upo na hauna riba, kina mama wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, lakini unapewa kikundi, haupewi mtu na chupa zake. Wewe hukosi mtaji kwa sasa. Unachokosa ni wateja wasiokujua.

Basi nataka ufanye hivi. Sheria ya kazi inakupa likizo ya mwaka siku 28. Nina hakika umezoea kuzikatakata, tatu za msiba, tano za Krismasi, nyingine zinakufa. Mwaka huu zichukue zote kwa mkupuo, na usisafiri. Kwa siku hizo 28 wewe ni muuza achari na hujawahi kufanya kazi benki. Ofisini hakuna anayeuziwa hata chupa moja, wala kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi hutii neno. Ingia kwenye maduka ya Goba, Madale, Mbezi, kwenye mabucha, kwa wakaanga chipsi na mihogo wanaonunua pilipili kwa ndoo. Mtu wa mihogo hahitaji chupa nzuri wala lebo, anahitaji lita tano kila Jumatatu bila kukosa, na nadhani hela yako imelala huko kuliko kwenye gramu 300, ingawa hakuna atakayekupiga picha nayo. Usimkopeshe mtu. Kila jioni andika: nimeingia maduka mangapi, yamechukua mangapi, na wiki ya pili yaliyoagiza tena ni mangapi. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ninayoitaka. Duka kuchukua mara ya kwanza ni huruma au udadisi.

Kabla ya hapo, kaa chini usome mkataba wako wa ajira. Benki nyingi zina kipengele kinachokutaka utoe taarifa ya shughuli yoyote ya pembeni, na wewe unauza ndani ya jengo lao na kusafirisha kwa gari lao. Huyo kijana anayekuita dada akiamua kukuchokoza ana pa kuanzia, na dereva wako atachomwa pamoja nawe. Simamisha gari la nyaraka leo.

Nije kwenye TBS, shirika la viwango. Ukishatoka kwa watu wanaokujua, mwenye duka anayejielewa atakuuliza alama ya ubora, na supamaketi haitakusikiliza bila hiyo pamoja na msimbomilia, ile mistari ya mashine ya kaunta. Zamani vyakula vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa; tangu 2019 viko TBS. Watakuja kuona unapotengenezea. Jiko lako la Goba, watoto wanapopashia uji asubuhi, sidhani kama litapita. Utahitaji chumba chake, kisafishike, kisiingiliane na mambo ya nyumbani. Usianzie TBS, anzia SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo. Wamekuwapo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, wana mafunzo ya usindikaji, na mjasiriamali mdogo anayekwenda TBS na barua yao ya utambulisho husamehewa ada ya alama kwa miaka ya mwanzo. Jina la biashara utasajili BRELA, leseni manispaa. TRA nao usiwakimbie: ukishaacha mshahara ukabaki na biashara tu, mauzo yakizidi milioni 4 kwa mwaka unaanza kulipa kodi, na wewe tayari uko kwenye milioni 15 na ushee. Tena mfanyabiashara mdogo anakokotolewa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Ndiyo maana nakusumbua na daftari.

Kama hesabu za likizo zikikaa vizuri na mambo ya Juni yakaeleweka, barua utaipeleka, na hapo ipeleke kwa utaratibu. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 kwa maandishi, ila angalia mkataba wako, unaweza kukudai zaidi. Usijaribu kuiunganisha na likizo, sheria haitaki viende pamoja. Ulizia bonasi inalipwa mwezi gani, usije ukaondoka wiki tatu kabla kwa hasira. Bima ya afya itakoma, kwa hiyo watoto wapimwe macho na meno mapema. Dai hati yako ya utumishi. Na kabla hujagusa hiyo barua, nenda kaongee na watu wa mikopo kwa jina lako, siyo chini kwa chini: uliza kama unaweza kurefusha muda au kupunguza salio kabla riba haijapanda.

Bosi wako nitamsemea kidogo tu. Uliumia, na ulikuwa na haki ya kuumia. Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza mtu yeyote kwa nini hukupandishwa, na sikupaona. Kauliza. Jibu linaweza kukuudhi zaidi, au likakupa uhamisho wa tawi la karibu na Goba utakaokuokolea saa tatu za foleni kwa siku. Saa tatu ni chupa nyingi.

Mama sasa. Mwanangu, usimpigie tena simu kwa habari hii, nenda. Panda basi Ijumaa usiku, ubebe chupa zako. Mama hajaidharau achari. Yeye anaijua kuliko wewe, na anachokiona akisikia neno hilo ni jua, na mwaka ambao embe zilikosa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Hukuwa na umri wa kuyaona. Muulize. Muulize Mei na Juni, embe mbichi zinapoadimika, alikuwa anafanyaje, maana kwenye hesabu zako umeweka bei moja ya embe mwaka mzima kama vile miembe inazaa kwa mwezi kama mshahara. Kina mama wa Tanga niliowajua mimi walizikata Desemba zikiwa tele, wakazitia chumvi, wakazianika juu ya bati, wakaziweka kwenye madebe. Muulize wateja waliokuwa wanakopa aliwafanyaje. Muulize siku chupa zilipoumuka alimwaga au aliuza. Mtu aliyesomesha watoto wanne kwa bidhaa hiyo hiyo unayotaka kuuza, halafu umempigia simu kumtaarifu tu! Hata ningekuwa mimi ningelia.

Na umwambie wazi kwamba hujaacha kazi. Atalala.

Ukimaliza siku ya 28 niandikie namba tatu: chupa zilizotoka, maduka yaliyoagiza mara ya pili, na hela iliyobaki baada ya gesi, lebo, boda na dada. Mimi binafsi nataka mbili za pilipili mbuzi, nitalipa taslimu, ila usiziweke kwenye hesabu.

Mamkubwa